Kazi ikijaa wanawake hushuka hadhi, au hushuka hadhi kwanza ndipo wanawake wanaachiwa?

#1 Kalamu Butu

Wakuu salaam.

Nimekuwa nikisoma historia ya kazi za ofisini na kuna jambo limenikaa kichwani, naomba tulijadili. Katikati ya karne ya 19 karani alikuwa mwanamume. Aliandika barua kwa mkono, alitunza vitabu vya hesabu, alijua siri za biashara nzima, na mara nyingi alikuwa njiani kuwa meneja au mshirika wa tajiri wake. Mwaka 1874 taipureta ya Remington ikaingia sokoni Marekani. Kufikia 1930 zaidi ya asilimia 90 ya wapiga chapa na wachukua hati mkato nchini humo walikuwa wanawake, na ile njia ya kutoka dawati la karani hadi kiti cha meneja ilikuwa imezibwa. Aliyeingia mpiga chapa alitoka mpiga chapa.

Simu nayo hivyo hivyo. Boston walianza na vijana wa kiume waliotoka kwenye telegrafu, wakawa wanajibu wateja ovyo na kufanya utani kwenye laini. Tarehe 1 Septemba 1878 akaajiriwa Emma Nutt, na haikuchukua muda kazi hiyo ikahesabika kuwa ya wanawake, kwa malipo madogo.

Hoja yangu ni hii: jamii haipimi kazi, inampima anayeifanya. Mikono ya kike ikiwa mingi, thamani inashuka hata kama kazi ni ile ile. Mnaopinga njooni na ushahidi, matusi hayasaidii.

#2 Sauti ya Zege

Mleta uzi umeanzia mwisho. Kazi ilishuka kwanza.

Taipureta iliukata ukarani vipande vipande. Mmoja akawa anapiga chapa, mwingine anapanga mafaili, mwingine anajumlisha. Kazi iliyokatwa hivyo haihitaji tena mtu anayeijua biashara yote, kwa hiyo mshahara ukashuka, njia ya kupanda ikafungwa, na wanaume wenye pa kwenda wakaondoka. Waliobaki mlangoni ni wale ambao milango mingine ilikuwa imefungwa kwao. Wanawake walikuta mfupa, nyama ilishaliwa.

Wanasosholojia wawili, Barbara Reskin na Patricia Roos, walilieleza hili mwaka 1990 kwa mfano wa foleni mbili. Mwajiri ana foleni ya watu kuanzia anayempenda zaidi, na wafanyakazi wana foleni ya kazi kuanzia iliyo nzuri zaidi. Wanaume wakiipa kazi kisogo, mwajiri anateremka kwenye foleni yake. Hakuna uchawi wa mikono ya kike hapo.

#3 Bint Hesabu

Zege, maelezo yako ni mazuri na yana bahati ya kuwa yamepimwa. Asaf Levanon, Paula England na Paul Allison walichukua takwimu za sensa ya Marekani kuanzia 1950 hadi 2000 na kuuliza swali hili hili la uzi. Walifuata kazi moja moja kwa miongo, wakaangalia kipi kinatangulia kipi. Matokeo ya 2009: wanawake wakiongezeka kwenye kazi, malipo ya miaka inayofuata hushuka ukilinganisha na kazi nyingine, hata baada ya kuweka elimu na ujuzi kwenye mizani. Ushahidi wa upande wako, kwamba malipo madogo ndiyo yanayowavuta wanawake waingie, ulikuwa hafifu.

Kwa hiyo bandiko #1 lina nguvu kuliko ulivyolichukulia.

#4 Sauti ya Zege

Dada Bint Hesabu, sensa inahesabu jina la kazi. Haioni kazi ikibadilika ndani ya jina hilo. "Karani" wa 1880 na "karani" wa 1930 wameandikwa neno moja, na hawakufanya kazi moja.

#5 Nesi wa Zamu

Naomba niingie kama mhusika, maana mnatusema bila sisi kuwepo.

Mimi ni nesi, mwanaume. Nikiingia wodini pamoja na muuguzi mkuu wetu, mama aliyeanza kazi hii mimi sijajua kusoma, ndugu wa mgonjwa wanakuja kwangu. "Daktari, hali yake ikoje?" Nawaambia mkubwa ni huyu mama. Wanamuuliza yeye swali, na wakati anajibu macho yao yapo kwangu, kama vile mimi ndiye nitakayethibitisha. Mgonjwa mzito akitaka kugeuzwa naitwa mimi. Mgonjwa mkorofi, mimi. Kitanda chenye gurudumu lililokwama, mimi.

Lakini nafasi ya usimamizi ilipotokea niliitwa mimi pia, kabla ya akina dada walionizidi uzoefu. Sikuomba. Mkubwa mmoja aliniambia tu kwamba nina "uwezo wa uongozi", na hajawahi kuniona nikiongoza chochote zaidi ya zamu ya usiku.

Christine Williams aliandika kuhusu hali hii mwaka 1992 baada ya kuwahoji wanaume walio kwenye uuguzi, ualimu wa shule za msingi, ukutubi na ustawi wa jamii. Alisema ni kama wanapanda ngazi ya umeme isiyoonekana, hata ukitaka kusimama ulipo inakupandisha. Mwanamke akiingia kazi ya wanaume anakuta dari. Mwanaume akiingia kazi ya wanawake anakuta ngazi. Hilo nalo mliweke kwenye hesabu zenu.

#6 Mwl. Mstaafu

Nawasalimu nyote.

Kijana Nesi amesema kweli. Ualimu wa madarasa ya chini una historia inayolingana na ya ukarani, isipokuwa ualimu haukuwa na taipureta. Hakuna mashine iliyoingia darasani. Mtoto aliyefundishwa herufi mwaka 1820 na wa 1850 walihitaji subira ile ile ya mwalimu. Kilichobadilika ni kwamba shule ziliongezeka kwa kasi na walipa kodi hawakutaka kulipa zaidi. Kamati ya shule ya Littleton, Massachusetts, iliandika wazi mwaka 1849: Mungu anaonekana kumuumba mwanamke kwa ajili ya kulea akili changa, na ni sera mbovu kumlipa mwanamume dola 20 au 22 kwa mwezi kufundisha alfabeti wakati mwanamke ataifanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa theluthi ya malipo.

Someni tena. Ubora wake umekubaliwa, tena ametajwa kuwa *bora zaidi*, na papo hapo umetumika kama sababu ya kumpunguzia. Sifa ikageuzwa kuwa punguzo. Nimefundisha maisha yangu yote na nimesikia kauli hiyo kwa midomo mingi: "Ninyi mna wito." Anayeambiwa ana wito hujibiwa polepole anapoomba nyongeza.

#7 Kalamu Butu

Mwalimu, shikamoo, na asante. Zege, umesikia? Hapa hakuna kazi iliyokatwa vipande.

#8 Sauti ya Zege

Nimesikia. Na mimi nasema shule ilikatwa vilevile. Mwalimu wa zamani alikuwa mkuu wa shule, mtawala na mwalimu kwa pamoja. Shule zilipopangwa kwa madarasa, usimamizi ukabaki kwa wanaume, ufundishaji wa chini ukaenda kwa wanawake. Angalieni nani alikuwa mkuu wa shule.

#9 Jiwe la Pembeni

Mnabishana mishahara mnaacha mzizi. Jamii yenyewe ndiyo imegeuka ya kike. Kazi za misuli zimechukuliwa na mashine. Kazi zilizobaki zinataka utabasamu, usikilize, uvumilie mteja anayekufokea, ufanye kazi na wenzako bila kugombana. Hizo ni tabia tulizowafundisha mabinti kwa karne nyingi. Mvulana aliyelelewa kuwa mgumu anafika sokoni anakuta ugumu wake hauna mnunuzi. Japani mwandishi Maki Fukasawa aliwapa jina vijana wasiojihangaisha kutongoza wala kushindana, akawaita "wanaume wala majani", hiyo ilikuwa 2006. Halafu mnasema wanawake ndio walioumia? Mimi nawaonea huruma vijana wa kiume, na nasema hivi bila chuki kwa dada zetu.

#10 Siti Kodi

Jiwe, nimesoma kwa makini na naona una hoja nusu.

Ni kweli kazi za sasa zinataka tabia hizo. Arlie Hochschild alilichunguza hili mwaka 1983 kwa wahudumu wa ndege: tabasamu ni sehemu ya kazi, hasira lazima uimeze, na ukifika nyumbani hujui hisia ipi ni yako. Lakini kama tabia za kike ndizo zinazotawala soko, mbona hazilipwi? Anayemtuliza abiria mwenye hofu analipwa kidogo kuliko anayeiendesha ndege ile ile.

Na wale vijana wa Japani: uchumi wao uliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ajira za kudumu zikapungua, wengi wakabaki na vibarua. Kijana asiyejua kesho atalipwa na nani hana haraka ya kuanzisha familia. Sioni uke hapo, naona mkataba wa muda.

#11 Mpenda Historia

Nyongeza fupi kwa Jiwe. Vitu vingi unavyoviona vya kike vilikuwa vya kiume jana. Louis XIV wa Ufaransa alivaa viatu vya visigino virefu vyekundu, na vilikuwa alama ya ukuu wake. Majina Evelyn, Leslie na Ashley yalikuwa ya wanaume kwa Waingereza. Jina likianza kupewa mabinti, wazazi huacha kuwapa wavulana, na kurudi ni nadra sana. Kalamu Butu, hapa hakuna mshahara wala foleni, na bado wanaume wanakimbia. Hili linakusaidia wewe kuliko Zege.

#12 Samaki Mtoni

Wakuu, mimi ni mtu wa biolojia. Neno la kugeuka jike lina maana kavu kabisa kwetu, na watu wanalichanganya na siasa.

Kanada walifanya jaribio kwenye ziwa dogo huko Ontario. Waliweka homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, kiasi kinachopatikana kwenye maji machafu ya miji. Karen Kidd na wenzake walitoa matokeo 2007: madume wa samaki wadogo aina ya *fathead minnow* walianza kutengeneza protini ya mayai, na samaki hao karibu watoweke ziwani. Kasa nao jinsia yao huamuliwa na joto la mchanga. Kaskazini mwa Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, utafiti wa 2018 ulikuta zaidi ya asilimia 99 ya kasa wa kijani wachanga ni majike. Huko ndiko kugeuka jike kwa kweli kunakotisha.

#13 Jiwe la Pembeni

Umeona! Na homoni za wanaume nazo zinashuka.

#14 Samaki Mtoni

Kuna utafiti wa wanaume wa Massachusetts uliotolewa 2007 ulioonyesha testosteroni ikishuka kati ya 1987 na 2004, hata ukilinganisha watu wa umri mmoja. Sababu inabishaniwa: unene, dawa, kemikali, mtindo wa maisha. Lakini kutoka hapo hadi "jamii imegeuka ya kike" ni ruko refu. Na kabla hujaleta ile hoja kwamba soya hupunguza homoni za kiume: tafiti zilipojumlishwa pamoja, soya haikubadili testosteroni ya wanaume.

#15 Baba Mapacha

Ngoja niongeze la homoni kwa sababu linanigusa. Cebu, Ufilipino, walifuata wanaume zaidi ya 600 kwa miaka kadhaa, wakiwemo ambao mwanzoni hawakuwa na mwenza wala watoto. Lee Gettler na wenzake walitoa majibu 2011. Wenye testosteroni nyingi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kupata wenza na watoto. Walipokuwa baba, ikashuka sana, na ilikuwa chini zaidi kwa wale wanaolea watoto kwa saa nyingi kila siku.

Kwa hiyo Jiwe, mwili wa mwanaume una utaratibu wake wa kulea. Mimi nilibaki nyumbani na wanangu mke wangu alipopata kazi yenye safari. Kuamka usiku kulinichosha tu. Kilichoniuma ni kliniki. Mhudumu anashika kadi ya mtoto, ananitazama, anauliza, "Mama yake yuko wapi?" Namjibu yuko kazini. Anaandika kitu, kisha anaanza kunieleza ratiba ya chanjo taratibu, kwa sauti ya kumwelekeza mgeni. Chanjo zote za nyuma nilizipeleka mimi, saini kwenye kadi ni zangu. Hakuziangalia.

Wanaume wakikimbia kazi hizi si kwa sababu ya malipo tu. Ni kuchoka kuulizwa mwenyewe yuko wapi.

#16 Nesi wa Zamu

Baba Mapacha, pole sana. Natambua sauti hiyo ya mgeni.

#17 Siti Kodi

Turudi kwenye kazi. Mnazungumza kana kwamba mwelekeo ni mmoja. Mimi naandika programu za kompyuta, na fani yangu ilikwenda kinyume.

ENIAC, moja ya kompyuta za mwanzo za Marekani, ilipozinduliwa mwaka 1946, walioiandalia programu walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Wakubwa waliona kuunda mashine ndiyo kazi, kuipangia hesabu ni shughuli ya ukarani. Baadaye ikagundulika kwamba ugumu uko kwenye programu. Miaka ya 1960 waajiri wakaanza kutumia vipimo vya tabia, na wanasaikolojia Cannon na Perry wakaeleza kwamba mwandishi mzuri wa programu ni mtu asiyependa sana kushughulika na watu. Kipimo hicho kiliwachagua wanaume wa aina fulani, kisha fani ikawafanana. Marekani wanawake walifikia karibu asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kompyuta katikati ya miaka ya 1980, baadaye ikaanguka hadi kama asilimia 18.

Na ndani ya fani bado kuna mgawanyo. Pale ninapofanya kazi, kitengo cha kuzijaribu programu kimejaa akina dada, cha usanifu kimejaa kaka zao. Dada mmoja wa majaribio alikuta kosa ambalo lingefuta kumbukumbu za wateja. Alilieleza kwenye kikao hatua kwa hatua, akionyesha sehemu ambapo namba mbili zinapishana. Msanifu akashukuru, akalirekebisha, na kwenye taarifa ya mwisho wa mwezi kazi ikaandikwa kwa jina la aliyerekebisha. Aliyechukua muhtasari wa kikao? Dada huyo huyo.

#18 Sauti ya Zege

Siti, mfano wako ni wangu. Pesa na heshima vilikuja kwanza, wanaume wakafuata. Foleni ile ile, inarudi nyuma.

#19 Bint Hesabu

Au wanaume walikuja, ndipo heshima ikaja. Zege, kwa maelezo yako kila tokeo linakuthibitisha, wanawake wakiingia au wakitoka. Hilo linanitia wasiwasi.

#20 Mama Ushirika

Niwakumbushe kwamba mnaongelea wenye ajira rasmi. Kilichochukua sura ya kike zaidi ni umaskini. Asilimia 70 ya maskini wa dunia ni wanawake. Diana Pearce alianza kulisema hili 1978. Vibarua, kazi za nyumbani, viwanda vya nguo, uhamiaji, kote ni wanawake.

#21 Bint Hesabu

Mama Ushirika, heshima kwako, lakini hiyo 70 naomba tuiache. Ilienea sana wakati wa mkutano wa dunia kuhusu wanawake wa Beijing, 1995, na haikuwa na takwimu nyuma yake. Umaskini kwa kawaida hupimwa kwa kaya: kaya ikiwa maskini, wote ndani yake wanahesabiwa maskini. Ili wanawake na wasichana wafike 70 ingebidi kaya maskini ziwe karibu hazina wanaume watu wazima. Pearce alizungumzia Marekani, ambako karibu theluthi mbili ya maskini wenye zaidi ya miaka 16 walikuwa wanawake.

Uhamiaji nao vivyo hivyo. Wanawake walikuwa karibu nusu ya wahamiaji wa kimataifa tangu 1960, na bado ni karibu nusu. Kilichobadilika ni kwamba wengi sasa wanaondoka wenyewe kutafuta kazi badala ya kumfuata mume.

#22 Mama Ushirika

Sawa, iondoeni namba. Lakini kipimo cha kaya ndicho kinachoficha. Nyumba ikihesabiwa kitu kimoja, huoni nani anakula mwisho, nani hana jina kwenye hati ya shamba, nani anaamka kwanza. Sylvia Chant alilijibu hili: tusitazame kipato peke yake, tutazame mzigo. Kwenye vikundi vyetu naona mama anaongeza kibarua cha pili, kipato cha nyumba kinapanda, takwimu zinasema nafuu. Yeye analala saa chache zaidi ya chache. Takwimu gani inaliona hilo?

Na viwanda vya mpakani Mexico: mwaka 1980 zaidi ya robo tatu ya wafanyakazi walikuwa wanawake. Mitambo ya kisasa ilipoletwa, wanaume wakaingizwa, na mwisho wa miaka ya 1990 wanawake walikuwa wamebaki nusu na kidogo. Mikono yao ilikuwa myepesi mpaka mashine ilipofika.

#23 Jiwe la Pembeni

Hapo kwa mama kula mwisho sina ubishi. Nimeiona kwa mama yangu mzazi.

#24 Dawa na Vipimo

Mimi ni mfamasia na naleta kesi inayowapinga wote wawili, Kalamu na Zege. Mwaka 1970 wafamasia wanawake Marekani walikuwa wachache sana, leo ni zaidi ya nusu. Kwa mujibu wa Kalamu mshahara ungeporomoka. Haukuporomoka. Kwa mujibu wa Zege wanaume waliondoka kwa sababu kazi ilishuka. Haikushuka. Wachumi Claudia Goldin, aliyepata Nobel 2023, na Lawrence Katz walieleza kwamba maduka ya dawa ya watu binafsi yalipungua, kampuni kubwa zenye maduka mengi na hospitali zikachukua nafasi, kumbukumbu za wagonjwa zikaingia kwenye kompyuta. Mfamasia mmoja akaweza kumwachia mwenzake zamu bila hasara kwa mteja. Mtu akifanya saa chache, malipo yake ya kila saa hayapunguzwi. Kwa maoni ya Goldin na Katz, tatizo ni kazi zinazomlipa vizuri yule tu aliye tayari kuitwa saa yoyote.

#25 Mpenda Historia

Basi chukua madaktari wa Muungano wa Kisovieti. Kufikia 1950 zaidi ya asilimia 70 walikuwa wanawake, na daktari alilipwa chini ya fundi mzuri wa kiwandani. Waliokuwa juu kwenye upasuaji na vyuo wengi walikuwa wanaume.

#26 Sauti ya Zege

Serikali yao iliweka tiba kwenye sekta isiyozalisha, kwa hiyo mishahara ilipangwa chini. Na vita viliua wanaume.

#27 Kalamu Butu

Na kwa nini tiba ikawa "isiyozalisha" na chuma kikawa "kinachozalisha"? Nani aliamua?

Dawa na Vipimo, kesi yako nimeipokea na ni ngumu. Lakini kuna madaktari wa mifugo. Anne Lincoln aliangalia vyuo vyao Marekani, utafiti wa 2010. Ada ikipanda, wanaume na wanawake wanakatishwa tamaa sawasawa. Ila wanawake wakiongezeka darasani, waombaji wanaume wa baadaye wanapungua. Kinachowafukuza ni kuona darasa limejaa wasichana. Hili linafanana na majina ya Mpenda Historia, na kliniki ya Baba Mapacha.

#28 Dawa na Vipimo

Famasia nayo ilijaa wasichana, mbona wavulana hawakukimbia kiasi hicho? Niliosoma nao walikuwepo tele. Au leseni inalinda? Daktari wa mifugo naye ana leseni.

#29 Nesi wa Zamu

Nesi pia ana leseni.